Mafunzo ya Mkataba Katika Hadithi za Kale

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Mema ya miaka kumi sitayahesabu mimi. Yamo katika taarifa ya Bodi na katika vitabu vya hesabu, na huko ndiko mahali pake, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimechagua kusema juu ya jambo moja ambalo chama chetu husimama au huanguka kwa ajili yake kila msimu, nalo ni mkataba. Najua kwamba neno hili huwachosha watu upesi. Kwa hiyo nitalieleza kwa njia ambayo wazee wetu walilieleza, yaani kwa njia ya hadithi.

Hadithi za kale si mchezo wa watoto tu. Chunguzeni hadithi mlizosimuliwa na bibi zenu usiku, na katika nyingi mtakuta mtu anayeahidi na mtu anayeipokea ahadi. Mtakuta bei, muda, sharti, na hasara ya anayelivunja sharti. Ahadi hizo hutolewa na majini, masultani, sungura na papa, lakini waliozitunga walikuwa wakulima, wavuvi na wachuuzi waliojua uchungu wa kupunjwa. Nami katika kuzifikiri nimeona jambo moja linalorudi mara kwa mara: anayeshindwa katika mapatano si lazima awe mjinga. Aghalabu ni mtu aliyekubali kwanza, akauliza baadaye.

Hadithi ya kwanza wengi wenu mnaijua. Edward Steere aliiandika katika kitabu chake cha hadithi za Unguja kilichopigwa chapa London mwaka 1870, nayo ina asili ya zamani zaidi, kwani mfano wake umo katika hekaya za Bara Hindi zilizofika kwa Waarabu katika kitabu cha Kalila na Dimna. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Papa akawa anakuja chini ya mti, na kima akawa anamtupia matunda, hata wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kima nyumbani kwake akampakia mgongoni. Walipofika katikati ya safari, papa akamwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu upesi kwamba ni bahati mbaya, kwa sababu kima wakisafiri huiacha mioyo yao mitini. Papa akamrudisha pwani ili autwae moyo wake. Kima akarukia tawi, na urafiki ukaisha siku hiyo.

Watu huusifu werevu wa kima. Mimi nataka tuangalie mahali sharti lilipotajwa. Pwani palikuwa na mwaliko mtupu; habari ya moyo ilikuja maji yakiwa marefu. Huko kima hakuwa na uwezo tena wa kukataa, ila wa kudanganya. Hiyo ndiyo alama ya mapatano mabaya katika nchi zote: neno kubwa hutajwa baada ya mtu kuondoka mahali ambapo angeweza kusema hapana.

Mazao ya mkulima yakiwa nyumbani kwake, yeye yuko juu ya mkuyu. Yakiisha kuingia ghalani, yuko juu ya mgongo. Sisemi kwamba ghala ni papa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005, umewekwa ili mazao yapimwe, yahifadhiwe na kuuzwa kwa mnada wa hadhara, na faida ya kuuza pamoja haina haja ya kuelezwa kwa watu waliofika hapa leo. Nasema juu ya makato. Ushuru, magunia, usafirishaji, gharama za ghala na za chama: haya yote hutajwa wapi, na lini? Yakitajwa katika mkutano wa wanachama kabla ya msimu, kwa shilingi kamili kwa kila kilo, hayo ni masharti, na mkulima aweza kuyapinga au kuyakubali. Yakionekana kwa mara ya kwanza katika karatasi ya malipo, huo ni moyo wa kima. Na mkulima aliyefanyiwa hivyo mara moja, mwaka wa pili atajifunza jibu la kima. Ataleta nusu ya mazao chamani, na nusu atasema ameiacha mtini.

Hadithi ya pili yatoka mbali, lakini katika mashamba yetu haina ugeni. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walikusanya ngano za watu wao wakaanza kuzitoa katika kitabu mwaka 1812. Mojawapo yaeleza habari za msaga unga maskini aliyejisifu mbele ya mfalme kwamba binti yake aweza kusokota majani makavu yakawa nyuzi za dhahabu. Mfalme akamfungia binti katika chumba kilichojaa majani, akamwambia kuwa asipoyageuza hata asubuhi atakufa. Akaja kijitu kidogo asiyetaja jina, akaifanya kazi ile kwa malipo ya mkufu. Usiku wa pili mfalme akaongeza majani, na kijitu akalipwa pete. Usiku wa tatu binti hakuwa na kitu tena. Kijitu akataka mtoto wake wa kwanza atakayemzaa akiwa malkia. Binti akakubali, kwa kuwa mauti yalikuwa mlangoni na mtoto alikuwa bado hajawa mtu.

Baada ya mwaka, mtoto alipozaliwa, kijitu alikuja kudai haki yake. Malkia akamtolea mali yote ya ufalme, akakataa. Malkia alipolia sana, akampa siku tatu: akilitambua jina lake, atabaki na mtoto. Malkia akatuma mjumbe kuzunguka nchi nzima, na mjumbe akamwona kijitu porini akicheza kando ya moto na kujitaja jina. Siku ya tatu malkia akalitamka: Rumpelstiltskin. Mapatano yakavunjika, na mtoto akabaki kwa mama yake.

Angalieni kwanza alikoanzia yule msaga unga. Deni lote lilitokana na maneno yake, lakini yeye hakusokota hata uzi mmoja. Aliahidi kwa mali na jasho la mtu mwingine, bila kumwuliza. Kiongozi wa chama anayemwahidi mnunuzi tani ambazo wanachama hawajakubali kuzileta, au anayewaahidi wanachama bei ambayo hakuna mnunuzi aliyeitaja, ni ndugu yake msaga unga. Yeye atashangiliwa siku ile, na wengine watafungiwa chumbani na majani.

Angalieni tena jinsi bei ilivyopanda: mkufu, pete, mtoto. Kazi ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni shida ya binti. Wenzetu wa Kagera wanalo neno butura, yaani kuuza kahawa ingali maua mtini. Mikoa ya Mtwara na Lindi inajua kangomba, biashara ya korosho inayofanyika nje ya mfumo wa mnada, kwa bakuli, kwa bei anayoitaka mwenye fedha. Majina ni mbalimbali, lakini mwenendo ni wa kijitu yule: huja usiku wa tatu, si usiku wa kwanza. Tuseme, kwa mfano tu, mtu amepokea shilingi 100,000 wakati wa njaa kwa kuahidi gunia moja, na gunia hilo wakati wa mavuno likauzwa shilingi 300,000. Amelipa shilingi 200,000 kwa kuazima laki moja kwa miezi michache. Laiti angeambiwa hesabu hiyo kwa majina yake halisi, mkopo na riba, angekimbia. Aliambiwa kwamba anauza.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, yataka ridhaa iwe huru. Mkataba uliopatikana kwa vitisho, kwa hila, au kwa mtu kutumia vibaya nguvu aliyo nayo juu ya mwenzake, aliyeonewa aweza kuomba utenguliwe. Lakini mahakama iko mbali na njaa iko karibu. Kumkemea mkulima aliyeuza maua ni kazi rahisi kwa mtu aliyeshiba, na wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kama chama hakina mlango wa mkopo mdogo katika miezi ya upungufu, kijitu atauona mlango wake uko wazi. Kwa hiyo naomba Mkutano huu usiishie katika kulaani butura, bali uiagize Bodi ilete shauri la akiba na mikopo ya wanachama kabla ya msimu ujao. Shauri hilo litagharimu fedha. Kutokuwa nalo kunagharimu zaidi, ila gharama hiyo hailipwi na chama. Hulipwa na watoto wa wanachama nyumba kwa nyumba.

Tena angalieni jambo la jina. Binti alifunga mapatano matatu na mtu asiyemjua, na siku aliyoijua habari yake ndiyo siku aliyookoka. Mnunuzi anayekuja na gari jioni, asiye na ofisi, asiye na leseni, asiye na risiti, ni mtu asiye na jina. Anaweza kulipa vizuri mara mbili. Mara ya tatu, mtamtafuta wapi? Na mwisho, tusisahau kwamba malkia hakukaa kulia tu. Aliomba muda, akapewa, akautumia kutafuta habari. Hata mkataba mbaya waweza kufanyiwa mazungumzo upya kabla ya siku ya malipo, mradi mtu aseme mapema na atume mjumbe anayejua kusikiliza. Anayengoja hadi siku ya kudaiwa hana la kuzungumza.

Hadithi ya tatu ni ya Abunuwasi, nayo ni fupi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na sufuria ndogo ndani yake, akasema kuwa imezaa. Jirani akafurahi akazipokea zote mbili. Abunuwasi akaazima tena sufuria kubwa, asiirudishe. Alipoulizwa akasema imekufa. Jirani akamshitaki, akidai kwamba sufuria haifi. Akajibiwa kuwa aliyekubali sufuria kuzaa, hana budi kukubali kufa kwake.

Wasikilizaji humcheka jirani, nami naona yafaa tujitazame kabla ya kucheka. Mkulima ameleta kilo 490, na karani wa ghala kwa haraka au kwa urafiki ameandika 500. Mkulima akanyamaza: sufuria imezaa. Msimu unaofuata ameleta kilo 490 nyingine, na karatasi inasema 480. Atalalamika kwa ulimi gani? Kilo kumi za kwanza hazikutoka hewani. Zilitoka katika gunia la mwanachama mwenzake. Kadhalika mizani. Sheria ya vipimo imeikataza lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba hata likawa gunia na nusu. Lakini lumbesa haikuletwa na wanunuzi peke yao. Imeshonwa pia na mikono ya wauzaji waliotaka kumpendeza mnunuzi wa leo, wakaifanya kuwa desturi ya kesho. Anayetaka kipimo cha haki siku ya kupunjwa, hana budi kukitaka pia siku ya kuzidishiwa.

Hadithi ya nne ni nzito kuliko zote, nami naielekeza kwetu sote, viongozi na wanachama. Katika mji wa Hameln, Ujerumani, husimuliwa kwamba mwaka 1284 panya walizidi mno. Akaja mtu mwenye nguo za rangi nyingi akaahidi kuwaondoa kwa malipo, na watu wa mji wakakubali. Akapiga zumari, panya wakamfuata hata mtoni, wakafa maji. Kazi ilipokwisha, wenye mji waliona kuwa bei ni kubwa, wakatafuta visingizio, wasilipe. Mpiga zumari akaenda zake kwa hasira. Akarudi siku nyingine, akapiga zumari tena, na safari hii waliomfuata walikuwa watoto, 130 kwa hesabu ya hadithi, wakaingia mlimani wasionekane tena.

Wenye mji wale hawakuwa wanyang'anyi. Walikuwa watu wa kamati kama sisi. Waliahidi walipokuwa na shida, wakahesabu upya shida ilipoondoka. Ndivyo tabia ya mwanadamu ilivyo, na ndiyo sababu mkataba huandikwa: ili neno la siku ya shida litawale siku ya raha. Chama kinapochukua mazao na kuchelewesha malipo, kwa kuwa mazao yamekwisha kuingia na mkulima hana pa kwenda, chama hicho kimeketi katika baraza la Hameln. Na mwanachama aliyepokea mbolea na dawa kwa mkopo wa chama, akaahidi kulipa kwa mazao, kisha usiku akampakilia mnunuzi wa njiani, naye ameketi katika baraza hilo hilo, kiti cha pili. Kila mmoja humtaja mwenzake kuwa ndiye aliyeanza. Wakati wanabishana, zumari linalia nje, na vijana wanaondoka ushirikani mmoja mmoja.

Haya si hofu ya kubuni. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na vyama vikakua kwa sababu vilijibu swali la kweli: nani anashika mizani? Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliochoka kupunjwa na wanunuzi waliweka wapimaji wao wenyewe penye vituo vya kununulia. Hawakuanza kwa vita wala kwa matusi. Walianza kwa kupima mara ya pili. Kutokana na juhudi hizo vikakua vyama vilivyoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wao. Lakini tume iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilikuta malalamiko mengi ya wanachama wenyewe juu ya uendeshaji mbaya, na mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu. Havikurudi hata ilipotungwa sheria ya mwaka 1982. Walioanza kwa kupima mizani ya wengine, wengi wao walisahau kuiweka yao mahali pa kuonekana. Miaka kumi tunayoisherehekea leo ni mingi kwa sherehe, ni michache kwa kujisahau.

Basi, Mheshimiwa Mwenyekiti, baada ya hadithi nne naomba nitoe shauri moja la kutumika. Katika kila Chama cha Msingi, kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi, uwe na mnunuzi, na mwenye ghala, na mwenye kutuuzia pembejeo, au na mwanachama mwenyewe, yasomwe maswali manne kwa sauti mbele ya mkutano, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na majibu yaandikwe.

Swali la kwanza: tunapatana na nani, na tutampata wapi siku ya ugomvi? Hilo ni swali la jina, nalo latoka kwa malkia. Swali la pili: ni kitu gani, kiasi gani, kwa mizani ya nani, na nani atapima mara ya pili? Hilo latoka kwa Abunuwasi. Swali la tatu: ni makato gani yatatolewa, na je, yote yametajwa tungali pwani? Hilo latoka kwa kima. Swali la nne: fedha zitalipwa siku gani, na anayechelewa, awe chama au mwanachama, atafidia nini? Hilo latoka Hameln. Likikosa jibu swali moja tu, karatasi ingoje. Kuuliza si ujinga, na mnunuzi mwema hachukizwi na maswali. Hufurahi, kwa kuwa yeye pia hataki kufika katikati ya bahari na mtu aliyeacha moyo wake mtini.

Wako watakaosema kuwa maswali hayo yatatuchelewesha, na bei haingoji. Nawajibu kwamba maswali manne huchukua saa moja, nayo yaweza kuulizwa kabla ya msimu, bei ikiwa bado iko mbali. Wako pia watakaosema kuwa kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naona kinyume chake. Majirani wawili huandika mpaka wa shamba wangali wakipendana, ili watoto wao wasije wakauchimba kwa jembe. Ahadi ni deni. Na deni lililoandikwa vizuri hulipwa pasipo kuvunja udugu.

Wakulima wenzangu, chama hiki ni mkataba kabla ya kuwa jengo au gari. Ni neno tuliloambiana miaka kumi iliyopita, kwamba tutauza pamoja, tutapima kwa haki na tutagawana kwa hesabu. Wajumbe wanaorudi vijijini kesho wataulizwa wamerudi na nini. Nawaombeni mrudi na maswali yale manne, na tarehe ambayo Bodi italeta shauri la mikopo ya miezi ya njaa. Tarehe hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, ningependa kuisikia ikitajwa leo, kabla hatujatoka katika ukumbi huu.

Ushirika udumu.